Uhai wa Betri: Kutoka Mkonga wa Simu hadi Taa za Dagaa

Betri ya kuchaji hutunza umeme kwa njia ya kemia. Inapochajiwa, umeme hubadili kemikali zilizo ndani yake. Inapotumika, kemikali hizo hurudi katika hali ya awali na kuachia umeme. Safari hiyo ya kwenda na kurudi haikamiliki vizuri kila mara. Kila mzunguko hupoteza kidogo, na siku moja betri iliyokuwa ikikaa siku tatu inaisha kabla ya adhuhuri. Kuzeeka huko hakuepukiki, lakini kasi yake iko mikononi mwa mtumiaji kuliko wengi wanavyodhani. Betri mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kupishana umri mara mbili au tatu kwa sababu tu zimechajiwa kwa namna tofauti.

Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria vinavyoizunguka vina aina tatu kubwa za betri, na mara nyingi zote ziko chini ya paa moja. Ipo ya risasi na tindikali, inayowasha taa, redio na gari. Ipo ya nikeli, iliyomo ndani ya simu za mezani zisizo na waya na baadhi ya tochi. Ipo ya lithiamu, ya simu za mkononi na taa mpya za sola. Zote huitwa betri, na ushauri wa kuzitunza hupokezanwa kana kwamba zote ni kitu kimoja. Hasara nyingi huanzia hapo. Ushauri uliozaliwa na betri ya nikeli huua betri ya risasi, na kipimo kinachosema kweli kwa betri ya risasi hudanganya kwa lithiamu. Kwa hiyo inafaa kuzichukua moja moja.

Simu ya mezani isiyo na waya

Simu ya mezani ya kawaida, ile ya waya, haina betri. Umeme wake hutoka kwenye mtambo wa kampuni ya simu, kwa volti 48, kupitia nyaya zile zile mbili zinazobeba sauti. Mtambo nao una betri zake kubwa za akiba. Katika nyumba ya Isamilo au Capri Point, jijini Mwanza, iliyounganishwa na kampuni ya simu ya TTCL kwa waya wa shaba, umeme wa TANESCO uliweza kukatika usiku kucha na simu ikaendelea kulia.

Simu isiyo na waya ilibadili mpango huo. Ina sehemu mbili: kitako, kinachounganishwa na laini ya simu na soketi ya umeme, na mkonga, unaobebwa chumba hadi chumba. Mazungumzo husafiri kati yao kwa mawimbi ya redio. Katika simu zinazofuata kiwango cha Ulaya kiitwacho DECT, mawimbi hayo ni ya karibu megahezi 1,900, na mkonga hufika mita 50 hivi ndani ya jengo na mita 300 mahali pa wazi. Umeme ukikatika, kitako huzima papo hapo. Mkonga unaweza kuwa umejaa chaji pomoni, lakini hauna wa kuwasiliana naye. Wakati wa mgao wa umeme, kama ule wa 2006, wa 2011 na wa 2023, hoteli au zahanati yenye simu za namna hii hukosa mawasiliano hata kama laini yenyewe ni nzima. Dawa yake ni rahisi: kuweka kifaa kidogo cha akiba ya umeme (UPS) kwa ajili ya kitako, au kuacha simu moja ya waya kwenye laini hiyo hiyo.

Ndani ya mkonga wa siku hizi mara nyingi mna betri mbili za nikeli na haidraidi za ukubwa wa AAA, kila moja ya volti 1.2. Simu za zamani zilibeba kifurushi cha betri tatu za nikeli na kadimiamu, jumla volti 3.6. Betri ya kadimiamu ilibuniwa na Mswidi Waldemar Jungner mwaka 1899, na ndiyo iliyozaa imani iliyoenea kuliko zote kuhusu kuchaji: kwamba betri sharti imalizwe kabisa kabla ya kurudishwa kwenye chaja, la sivyo itazoea kufanya kazi nusu.

Imani hiyo ina asili ya kweli. Betri za kadimiamu zilizowekwa kwenye satelaiti katika miaka ya 1960 zilitumika na kuchajiwa kwa kiwango kile kile katika kila mzunguko, na baada ya muda zikaonekana kuishiwa nguvu pale pale zilipozoea kukomea. Lakini hakuna nyumba inayotumia simu kwa usawa wa namna hiyo. Leo mtu anazungumza dakika tano, kesho saa nzima, keshokutwa simu haiguswi. Katika betri za nikeli na haidraidi tatizo hilo ni dogo, na kuutumia mkonga mpaka utoe onyo la chaji, mara moja kila baada ya miezi kadhaa, kunatosha kuliondoa. Kuumaliza kila siku ni madhara matupu. Betri mbili au tatu zilizopangwa mfululizo haziishi pamoja: iliyo dhaifu hutangulia kuisha, na zile zenye nguvu huendelea kusukuma umeme kupitia kwake hadi chanya na hasi zake zinapinduka. Betri iliyopinduliwa hivyo, hata kwa mara chache tu, haifai tena.

Kinachoua betri nyingi za mkonga ni joto na kujazwa kupita kiasi. Mkonga unaokaa kwenye kitako mchana na usiku hupokea umeme kidogo kidogo bila kukoma. Kitako kizuri hupunguza umeme huo hadi kiwango ambacho betri inakivumilia. Kitako cha bei ya chini huendelea kuupasha mkonga moto. Kipimo hakihitaji mashine. Mkonga uliomaliza kuchaji tangu jana ukiguswa upande wa betri na kuonekana wa vuguvugu, kitako kinaujaza kupita kiasi, na afadhali uwe unashinda nje ya kitako mchana na kurudishwa usiku. Ukiwa baridi, unaweza kuachwa hapo bila wasiwasi mkubwa.

Kukatika kwa umeme huongeza tatizo ambalo vitabu vya maelezo vya simu hizi, vilivyoandikwa kwa ajili ya miji isiyokatika umeme, havilitaji. Chaja nyingi rahisi za nikeli hazijui kama betri imejaa. Huhesabu saa tu. Zikiwashwa, huchaji kwa muda uliopangwa, kwa kawaida saa 14 hivi, kisha hupunguza. Umeme ukikatika na kurudi, hesabu huanza upya kutoka sifuri. Siku ambayo umeme umekatika mara tatu, betri iliyokuwa imeshajaa hulazimishwa kuchajiwa mara tatu. Mahali penye kukatika kwa namna hiyo, kuuinua mkonga kutoka kwenye kitako umeme unaporudi kuna faida kuliko kubadilisha betri kila mwaka.

Betri mpya za nikeli huchajiwa saa 14 hadi 16 kabla ya kutumika mara ya kwanza, na hufikia uwezo wake kamili baada ya mizunguko michache. Zikitunzwa, hudumu miaka miwili hadi mitatu. Zikichoka hubadilishwa zote kwa pamoja, za chapa moja na uwezo mmoja, kwa sababu ile ile ya dhaifu kupinduliwa na zenye nguvu. Kosa la hatari ni kununua dukani betri za kawaida za AAA, zile za kutumia na kutupa, na kuziweka kwenye mkonga kwa kuwa zinaenea. Zinaenea, lakini hazikuundwa kuchajiwa. Hupasuka na kumwaga maji yanayokula chuma cha simu, na huweza kulipuka. Betri ya kuchaji hutambulika kwa maandishi ya ubavuni: volti 1.2, na uwezo wake katika miliampea-saa.

Katika miaka ya 2000 ilikuja aina nyingine ya simu ya mezani isiyo na waya, iliyotumia minara ya mtandao wa simu wa CDMA badala ya waya wa shaba. Umbo lake lilikuwa la simu ya ofisini, lakini ndani ilikuwa simu ya mkononi, yenye betri yake ya akiba. Hiyo haikutegemea kitako, kwa hiyo iliendelea kuita umeme ulipokatika. Udhaifu wake ulikuwa tofauti: ilichomekwa siku ya kwanza na haikuchomolewa tena, na betri ikazeeka ikiwa imejaa, bila mtu kujua, mpaka siku ya kwanza ilipohitajika.

Simu ya mkononi na chaja ya kobe

Betri ya lithiamu iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na waliochangia kuibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Tabia zake karibu zote ni kinyume cha nikeli. Haina mazoea ya kukumbuka. Haipendi kuisha kabisa, haipendi kukaa imejaa, na inachukia joto. Seli yake ina volti 3.7 hivi kwa wastani na hufikia 4.2 ikijaa. Katika simu nyingi hudumu mizunguko 300 hadi 500 kamili kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Mzunguko kamili ni jumla ya chaji yote: kutumia nusu leo na nusu kesho, huku ikichajiwa katikati, ni mzunguko mmoja, na huichosha betri kidogo kuliko kuimaliza yote kwa mkupuo.

Kwa hiyo agizo la muuza simu, kwamba simu mpya ichajiwe kwanza kwa muda wa saa nane kabla ya kuwashwa, ni mabaki ya enzi ya nikeli. Simu ya lithiamu huacha kupokea umeme ikishajaa, na kinachobaki katika saa hizo ni kukaa imejaa na yenye joto. Inayochajiwa kati ya asilimia 20 na 80 huishi muda mrefu kuliko inayopelekwa kutoka sifuri hadi 100 kila siku. Si lazima mtu awe mtumwa wa namba hizo. Hata kuichomoa ikifika 90 kunasaidia.

Nje ya mji, kuchaji hakukuwa suala la kuchagua muda. Vijiji vingi na kambi za wavuvi vilipata mtandao wa simu kabla ya kupata umeme, na simu ilipelekwa kwenye kibanda cha kuchajisha, ambako mwenye paneli ya sola au jenereta alitoza shilingi mia kadhaa. Anayelipia kila chaji ana sababu nzuri ya kusubiri simu izime kabisa ndipo aipeleke. Tabia hiyo ni ya akili kwa mfuko na mbaya kwa betri. Kilichopunguza madhara ni ubora wa simu zenyewe: Nokia 1100, iliyotoka 2003 ikiwa na tochi kichwani, ilikaa siku kadhaa kwa chaji moja ya betri yake ya miliampea-saa 850, aina ya BL-5C. Vitochi vya namna hiyo vilienea kote ziwani, na betri hiyo ikawa kama sarafu: ilitumika katika simu za aina nyingi, redio ndogo na spika.

Pamoja nayo ilienea chaja ya kobe, kile kibano cha plastiki ambacho betri huchomolewa kutoka kwenye simu na kubanwa chini ya pini mbili zinazosogezwa. Faida yake iko wazi. Mtu huacha betri kibandani na kuondoka na simu yake, akiwa na betri ya pili ndani. Hasara yake haionekani kwa macho. BL-5C ina miguso mitatu, na ule wa tatu huiarifu simu aina ya betri iliyowekwa. Kobe hugusa miwili tu. Kobe ya bei ya chini haipimi joto wala haisimami kwa usahihi kwenye volti 4.2. Ikipitiliza hata kwa sehemu ndogo ya volti, betri huzeeka haraka na huvimba. Hatari ya kuchaji betri yenye kasoro haikuwa ya kufikirika: Agosti 2007 Nokia iliwatangazia wateja wake duniani kote kwamba BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaja, ikajitolea kuzibadilisha.

Kwa simu za kisasa ambazo betri haitoki, adui mkubwa ziwani ni bati. Simu inayochajiwa saa 8 mchana ndani ya banda la mabati, juu ya paneli au kando ya dirisha lenye jua, huwa na joto la nje na la kuchaji kwa pamoja. Kuihamishia kivulini na kuivua kasha lake kunaiongezea umri kuliko ujanja wowote wa asilimia.

Taa za dagaa

Matumizi mazito kuliko yote ya betri katika Ziwa Victoria yako juu ya maji, usiku. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi. Taa huelea juu ya maji au hufungwa kwenye mtumbwi, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, na wavu huzungushwa. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa na karabai, taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu. Karabai moja hunywa lita moja au zaidi kwa usiku, na mafuta yalikuwa gharama kubwa kuliko karibu zote katika uvuvi huo. Upepo huizima, glasi yake hupasuka kwa tone la maji, na utambi wake hupukutika mtumbwi ukigongwa.

Mwaka 2008 kampuni ya taa ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo cha sola Mbita, upande wa Kenya, ambako wavuvi walikodi taa na betri jioni na kuzirudisha asubuhi zichajiwe. Mpango huo ulikuwa na hekima moja ambayo haikusifiwa vya kutosha: kazi ya kuchaji ilibaki kwa mtu anayeijua. Baadaye taa za LED zilishuka bei, na katika mialo ya Mwanza, Ukerewe, Sengerema na Musoma wavuvi wakaanza kumiliki taa, betri na paneli zao wenyewe. Mafuta ya taa yalipungua, na gharama ikahamia kwenye betri. Yule ambaye betri yake inakufa kila baada ya miezi sita hajaokoa kiasi alichotarajia.

Hesabu yake ni fupi. Taa ya wati 10 inayowaka kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, yaani kwa muda wa saa 10, hutumia wati-saa 100. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 18 ina wati-saa 216. Taa moja huila karibu nusu. Betri ya namna hiyo ikitumika nusu kila usiku, hutoa mizunguko 400 hadi 500; ikimalizwa kabisa, hutoa 200 hivi. Uvuvi wa dagaa una usiku 20 hivi wa kazi kwa mwezi. Kwa hiyo betri inayobeba taa moja inakaribia miaka miwili, na ile iliyofungwa taa ya pili, ili mwanga uwe mkubwa, haimalizi mwaka. Taa ya pili inahitaji betri ya pili. Hakuna njia ya mkato hapo.

Upande wa kuchaji una hesabu yake pia. Kurudisha wati-saa 100 kwenye betri ya risasi kunahitaji 130 hivi, kwa sababu sehemu hupotea kama joto. Kanda ya Ziwa hupata wastani wa saa 5 za jua kamili kwa siku. Paneli ya wati 20, ambayo huuzwa pamoja na vifaa vingi vya bei nafuu, hutoa chini ya 100 kwa siku nzuri, tena ikiwa imefutwa vumbi na haina kivuli. Betri hurudi ziwani ikiwa haijajaa, usiku baada ya usiku, na msimu wa mvua wa Machi hadi Mei humalizia kazi. Paneli ya wati 50 kwa kila taa huvumilia hata siku yenye mawingu nusu. Kijiji chenye gridi ndogo kina njia nyingine: huko Bwisya, katika kisiwa cha Ukara, kampuni ya JUMEME iliwasha umeme wa sola wa kijiji mwaka 2016, na mahali kama hapo betri inaweza kuchajiwa kwa chaja ya ukutani bila kungoja paneli yake yenyewe.

Chaja ya ukutani nayo ina mtego. Betri ya risasi hupokea asilimia 80 ya kwanza haraka, na 20 ya mwisho huhitaji saa nyingi kwa volti 14.4 hivi. Kwenye kibanda chenye foleni betri huchomolewa zikishapokea sehemu ile ya haraka, na mteja huondoka ameridhika kwa kuwa taa inawaka. Kinachobaki ndani ni salfeti ya risasi, ile inayojitengeneza betri inapotumika. Ikirudishiwa umeme mapema, huyeyuka. Ikiachwa, hugeuka fuwele ngumu zinazofunika pleti, na sehemu iliyofunikwa haifanyi kazi tena.

Mbalamwezi ndiyo inayoua betri nyingi kuliko usiku wote wa kazi. Siku za giza, zisizo na mwezi, zinapoisha, mitumbwi huvutwa ufukweni, nyavu hushonwa, na wavuvi wengi huenda nyumbani kwa wiki moja au zaidi. Betri hurudi kutoka usiku wa mwisho ikiwa tupu au nusu, na kwa kuwa hakuna kazi ya kesho, hakuna anayeona haraka ya kuichaji. Inawekwa pembeni ya banda. Kwa siku hizo zote salfeti inakauka. Giza jipya likianza, betri inachajiwa, inaonyesha imejaa baada ya muda mfupi usio wa kawaida, na inazima saa 6 usiku. Mwenye nayo husema aliuziwa betri mbovu. Betri ya risasi inapaswa kujazwa asubuhi ile ile ya mwisho, kabla ya kitu kingine chochote, na kupumzika ikiwa imejaa.

Yapo makosa mengine ya aina hiyo, madogo zaidi. Betri ya gari hununuliwa kwa sababu ni kubwa na ya mtumba ni rahisi, lakini pleti zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini; zikitumika kuwasha taa usiku kucha huchakaa upesi. Betri ya maji huongezewa maji ya ziwa, yenye madini yanayochafua pleti, badala ya maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Baya kuliko hayo ni kuongeza tindikali mpya kwenye betri iliyochoka. Hidromita, kipimo cha nguvu ya tindikali, itaonyesha namba nzuri siku hiyo, na pleti zitaliwa kwa kasi kubwa kuliko kabla.

Hivi sasa taa nyingi mpya huja na betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma. Ni nyepesi, inaweza kutumika asilimia 80 kila usiku, na kwa kawaida hufikisha mizunguko 2,000 au zaidi. Bei yake ni ya juu, lakini kwa usiku 20 wa kazi kwa mwezi, mizunguko hiyo ni miaka minane, kama maji hayataingia kwenye kasha na viungo vya nyaya havitaota kutu. Kuingia kwake kumeleta mkanganyiko mpya. Fundi aliyezoea risasi hupima kwa mita na kusoma volti 12.8 kwenye betri iliyopumzika. Kwa risasi, hiyo imejaa; kwa lithiamu ya fosfeti, yenye seli nne, hiyo inakaribia kuisha. Kwa risasi, 12.2 ni nusu na chini ya 12 ni kuiua. Lithiamu ya fosfeti hukaa karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya usiku kisha hushuka ghafla, na saketi iliyomo ndani huikata ili isiharibike. Mvuvi huona taa ikizima bila kufifia kwanza na kudhani imekatika waya. Wakati wa mbalamwezi masharti yake nayo ni kinyume: hupumzishwa ikiwa na nusu ya chaji, mahali penye baridi, wala si imejaa juu ya sanduku chini ya bati. Kontrola ya sola iliyopangwa kwa risasi inabidi ipangwe upya kabla ya kufungwa betri hii, hasa ikiwa ina hatua ya kupandisha volti juu ili kuvunja salfeti, hatua ambayo lithiamu haihitaji na huiumiza.

Betri iliyokwisha

Betri ya risasi iliyochoka hutambulika kwa kupumzishwa saa kadhaa baada ya kujazwa, kupimwa, kisha kuwashiwa taa inayojulikana wati zake na kuhesabiwa saa. Ikitoa chini ya nusu ya hesabu, imekwisha. Ya lithiamu hutoa ishara ya macho: inavimba, na mgongo wa simu unainuka. Ya nikeli hujaa haraka na kuisha haraka, bila ishara nyingine.

Risasi ya betri chakavu ina bei, na karibu kila betri iliyokufa huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Tatizo ni kinachofanyika kabla ya hapo. Ili kupunguza uzito wa kubeba, tindikali humwagwa ardhini, mara nyingi mita chache kutoka kwenye maji yanayotekwa kwa ajili ya kunywa na mahali pa kuanikia dagaa, na tindikali hiyo hubeba risasi iliyoyeyuka. Sumu ya risasi huumiza zaidi ubongo wa mtoto. Ukanda huu umeona mfano wake mbaya katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri inapaswa kuuzwa nzima, ikiwa wima, na tindikali yake ndani.

Betri za kadimiamu kutoka kwenye simu za zamani zina sumu ya kiwango hicho hicho japokuwa ni ndogo. Hazitupwi shimoni wala hazichomwi na taka za nyumbani. Ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena hata mara moja, haitobolewi ili ishuke, na haibanwi ili simu ifunge. Huwekwa ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mpaka ikabidhiwe kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.